Msaidizi wa Akili Mnemba kwa Timu ya Wasanidi Programu: Yupi Anunuliwe, na Masasisho Yapi Yalipiwe

Kampuni yenye wasanidi programu kumi inayotaka kununua msaidizi wa akili mnemba haikosi wauzaji; inachokosa ni bidhaa iliyotulia. GitHub Copilot ilipofunguliwa rasmi kwa umma mwezi Juni 2022, kwa dola 10 kwa mwezi, kazi yake ilikuwa kukamilisha mistari ya msimbo, yaani maandishi ya programu, wakati msanidi akiendelea kuandika. Miaka mitatu baadaye bidhaa hiyohiyo, kwa jina lilelile, ilikuwa inapokea kazi kwa maelezo ya kawaida, inafungua mafaili kadhaa kwa mpigo, inaendesha majaribio, inarekebisha makosa yake na kuwasilisha mabadiliko ili binadamu ayakague. Aliyenunua kwa kutazama orodha ya uwezo wa mwaka 2022 amejikuta na kitu kingine kabisa mkononi, na pengine hakuna aliyemuuliza kama anakitaka.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu haupangi bidhaa kwa wingi wa vipengele, kwani kipengele anachojivunia muuzaji mmoja leo huonekana kwa washindani wake muda si mrefu. Zimepangwa kwa namna vipengele vipya vinavyoingia ndani ya timu: ni nani mwenye mamlaka ya kuwasha au kuzima kipengele kipya, ankara hubadilika vipi kikianza kutumika, na msimbo wa kampuni hupelekwa wapi kinapofanya kazi. Bei zilizotajwa ni zile zilizotangazwa na wauzaji mwaka 2025, kwa dola za Marekani, kabla ya kodi.

Ya kwanza: GitHub Copilot Business

Kwa dola 19 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, timu ya watu kumi hulipa dola 2,280 kwa mwaka. Si msaidizi mwerevu kuliko wote. Wasanidi wengi wazoefu watasema kwamba katika kazi kubwa, zile zinazogusa sehemu nyingi za mfumo, wapinzani wake wawili wanaofuata hapa chini hufanya vizuri zaidi, nami sina ubishi nao. Kinachoiweka mbele ni ukurasa wa msimamizi. Kwa mashirika, modeli mpya (akili mnemba yenyewe inayotoa majibu) na vipengele vilivyo katika majaribio huhitaji ruhusa ya msimamizi kabla ya wafanyakazi kuvitumia, kwa hiyo kiongozi wa timu anaweza kukikagua kipengele kabla ya kukifungua kwa wote. Msimbo wa wateja wa daraja hili hautumiki kufundishia modeli. Vilevile hailazimishi mtu kuhama kihariri (programu ya kuandikia msimbo) alichokizoea, kwani inafanya kazi ndani ya VS Code, Visual Studio, vihariri vya JetBrains na hata Neovim.

Sasisho lake lenye manufaa makubwa kwa mnunuzi halikuhusu uandishi wa msimbo hata kidogo. Mwezi Oktoba 2024 GitHub ilitangaza kwamba mtumiaji ataweza kuchagua modeli za Anthropic na Google pamoja na zile za OpenAI, ndani ya usajili uleule. Modeli inayoongoza hubadilika mara kwa mara, na timu isiyolazimika kuanza upya mchakato wa manunuzi kila inapobadilika imeokoa gharama ambayo haionekani kwenye jedwali lolote la bei.

Kuna kasoro mbili ambazo mnunuzi anapaswa kuzifahamu mapema. Kwanza, tangu Juni 2025 matumizi ya modeli zenye nguvu yalianza kuhesabiwa: daraja la Business lilipewa maombi 300 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na kila ombi la ziada likawekewa senti 4 za dola. Kwa viwango hivyo, msanidi anayetuma maombi elfu moja kwa mwezi ataongeza dola 28 juu ya zile 19, yaani nyongeza itakuwa kubwa kuliko usajili wenyewe. Msimamizi anaweza kuweka ukomo wa bajeti, nao hufanya kazi kama LUKU, umeme wa kulipia kabla, yuniti zikiisha huduma hukatika. Kwa ofisi ndogo afadhali hivyo kuliko kuletewa ankara ya kushtukiza. Pili, uwezo wa kuzuia mafaili fulani yasisomwe na msaidizi, ambao ni mojawapo ya sababu za kulipia daraja hili, kwa mujibu wa nyaraka za GitHub za mwaka 2025 haukuhusisha hali ya wakala, yaani ile hali ambamo msaidizi anatembea mwenyewe ndani ya hifadhi ya msimbo. Kipengele kipya kilitangulia, ulinzi wake ukabaki nyuma. Timu inayohifadhi nywila au taarifa za wateja ndani ya mafaili ya mradi isiutegemee uzio huo; iziondoe kabisa.

Daraja la Enterprise, kwa dola 39, halina haja kwa kampuni nyingi ndogo.

Ya pili: Claude Code

Claude Code ya kampuni ya Anthropic ilianza kama toleo la utafiti mwezi Februari 2025 na kutolewa rasmi Mei mwaka huohuo. Inaendeshwa kwenye dirisha la amri, jambo linalowatisha wasanidi wachanga kwa wiki ya kwanza na kuwafurahisha wale wa zamani tangu siku ya kwanza. Kwa kazi ndefu, kama vile kuhamisha mfumo kutoka toleo la zamani la maktaba ya msimbo kwenda jipya, au kutafuta chanzo cha hitilafu iliyojificha kati ya huduma tatu, ningeiweka juu ya Copilot bila kusita.

Mpangilio wake wa ruhusa ndio unaoifanya ifae timu. Kabla ya kubadilisha faili au kuendesha amri huomba kibali, na timu inaweza kuandika kanuni za kudumu kuhusu amri zinazoruhusiwa na zinazokatazwa, kisha kanuni hizo zikahifadhiwa pamoja na msimbo na kukaguliwa kama mabadiliko mengine yoyote. Faili la CLAUDE.md, linaloeleza desturi za mradi, husomwa mwanzoni mwa kila kikao, hivyo mfanyakazi mpya na msaidizi wake hufuata taratibu zilezile. Kampuni ambazo tayari zinatumia huduma za wingu za Amazon au Google zinaweza pia kuipata modeli kupitia huko na kulipa kwa akaunti waliyonayo.

Haikupata nafasi ya kwanza kwa sababu ya gharama. Usajili binafsi wa dola 20 hufikia ukomo haraka kwa mtu anayeutumia kutwa nzima, ule wa Max huanzia dola 100, na mwishoni mwa Agosti 2025 ukaongezwa ukomo wa wiki juu ya ule wa saa chache uliokuwepo. Timu ya watu kumi ikiwapa wote Max ya dola 100 itatumia dola 12,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tano ya Copilot Business. Utaratibu wenye busara ni kuwapa watu wawili au watatu wanaoshughulika na kazi nzito, wengine wakabaki na msaidizi wa bei nafuu. Tena iangaliwe aina ya akaunti: mwaka 2025 Anthropic ilibadilisha masharti ya akaunti binafsi ili mazungumzo na vikao vya msimbo viweze kutumika kufundishia modeli mtumiaji akiridhia, ilhali akaunti za kibiashara hazikuguswa na mabadiliko hayo. Mfanyakazi anayetumia akaunti yake mwenyewe kwa msimbo wa mwajiri ndiye hufanya uamuzi huo, na huenda alibonyeza kitufe bila kusoma.

Ya tatu: Cursor

Cursor, inayotengenezwa na kampuni ya Anysphere, ni kihariri kamili kilichojengwa juu ya msingi wa VS Code. Ukamilishaji wake wa mistari, unaobashiri hata mahali ambapo msanidi atahariri baadaye, ni mzuri kuliko wowote niliowahi kuutumia, na anayeuzoea huona tabu kurudi alikotoka. Daraja la timu ni dola 40 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, sawa na dola 4,800 kwa mwaka kwa watu kumi, na lina hali ya faragha ambayo msimamizi anaweza kuilazimisha kwa wote.

Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa jambo moja. Katikati ya Juni 2025 kampuni hiyo ilibadilisha daraja lake la Pro la dola 20, kutoka idadi ya maombi inayojulikana kwenda kiasi cha fedha kinachopungua kulingana na modeli iliyotumika. Watumiaji wengi walishtukia makato ya ziada, na tarehe 4 Julai kampuni ikaomba radhi hadharani na kuahidi kurudisha fedha. Kuomba radhi kulikuwa uungwana. Hata hivyo, mhasibu anayepanga bajeti ya mwaka mzima ana haki ya kulikumbuka tukio hilo.

Zinazobaki

Mwaka 2025 Gemini Code Assist ya Google ilikuwa na daraja la bure kwa watu binafsi lenye ukarimu mkubwa, nayo Gemini CLI iliyotolewa Juni 2025 ni programu huria. Zilifaa kwa wanafunzi na kwa miradi ya wazi. Kwa msimbo wa mteja, daraja la bure lisitumike bila kusoma masharti, kwa kuwa Google ilieleza kwamba data ya daraja hilo inaweza kutumika kuboresha bidhaa zake hadi mtumiaji akatae.

Amazon Q Developer, kwa dola 19 mwaka 2025, ilikuwa na maana kwa timu ambayo mifumo yake yote iko AWS, huduma ya wingu ya Amazon. Nje ya hapo sikuona sababu ya kuichagua.

Kwa benki na kampuni za huduma za fedha kwa simu mpangilio wote huu unaweza kupinduka. Pale ambapo msimbo hauruhusiwi kutoka nje ya jengo, njia ya kwanza ni Tabnine, inayoweza kusimikwa kwenye seva za kampuni hata bila intaneti, au modeli huria kama Qwen2.5-Coder ya Alibaba inayoendeshwa kwenye mashine ya kampuni kwa programu ya Ollama. Ile yenye vigezo bilioni 32 (kipimo cha ukubwa wa modeli), ikibanwa ichukue nafasi ndogo, hutosha kwenye kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya GB 24. Haifikii uwezo wa modeli za kulipia, lakini haibadiliki usiku mmoja, na sasisho huingia siku ambayo timu yenyewe imeamua.

Masasisho ya kulipia, na ya kuyaacha yapite

Kama fedha inatosha kipengele kimoja tu, inunue hali ya wakala inayoomba ruhusa, kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha kazi yenyewe. Inayofuata ni ukaguzi wa mabadiliko kabla hayajaunganishwa na msimbo mkuu: hukamata makosa madogo yanayomchosha binadamu, ingawa hauchukui nafasi ya mkaguzi anayeijua biashara. Ya tatu ni kuunganisha msaidizi na hifadhidata, orodha ya kazi na nyaraka kupitia itifaki ya MCP, kanuni za pamoja za kuunganisha msaidizi na mifumo mingine, ambayo Anthropic iliitoa wazi Novemba 2024 na washindani wake wakaikubali. Hii iwashwe polepole, kwani kila muunganisho ni mlango mwingine, na hifadhidata ya majaribio yenye majina na namba za simu za wateja halisi inaangukia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 au ile ya Kenya ya mwaka 2019. Gumzo la sauti na vikorombwezo vya namna hiyo havihitaji kulipiwa daraja la juu.

Lipo suala la masasisho yanayoingia yenyewe. Mwezi Julai 2025 mtu wa nje alifanikiwa kupenyeza maagizo ya kufuta mafaili ndani ya toleo 1.84.0 la kiendelezi (programu ya nyongeza) cha Amazon Q kwa VS Code; Amazon ikaliondoa na kutoa 1.85.0. VS Code husasisha viendelezi bila kuuliza isipokuwa mtumiaji amezima mpangilio huo, na kwa mashine zinazogusa mifumo ya uzalishaji, yaani ile inayotumiwa na wateja, ningeuzima, kisha mtu mmoja katika timu apewe jukumu la kusoma maelezo ya toleo na kulipitisha baada ya siku chache.

Kabla ya kusaini, fanyeni majaribio yanayopimwa, kwa sababu hisia hudanganya. Utafiti wa taasisi ya METR uliochapishwa Julai 2025 uliwafuatilia wasanidi 16 wazoefu katika kazi 246 za miradi huria waliyoifahamu vizuri. Walipotumia akili mnemba walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na bado walipomaliza waliamini kwamba iliwaharakisha kwa asilimia 20. Kundi ni dogo na zana zimesonga mbele tangu hapo, lakini pengo hilo linatosha kukataa ripoti ya majaribio inayosema tu kwamba wafanyakazi wameipenda. Pimeni muda wa kuanzia kazi inapopokelewa hadi mabadiliko yanapounganishwa, na mhesabu makosa yaliyorudi kutoka kwa wateja.

Kuhusu malipo, wauzaji hawa hutoza kadi kwa dola, kwa hiyo bajeti iachie nafasi ya kupanda na kushuka kwa shilingi. Kiwango cha kawaida cha VAT kwa huduma za kidijitali kutoka nje ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, na jinsi inavyotozwa hutegemea kama kampuni imesajiliwa, hivyo mhasibu ahusishwe kabla ya malipo ya kwanza. Punguzo la mwaka lisiwavutie katika mwaka wa kwanza: lipeni kwa mwezi, mpitie upya kila baada ya miezi mitatu, na akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka ifungwe siku hiyohiyo, kwani wauzaji huendelea kuitoza hadi waambiwe.