Kipima presha cha CRADLE VSA kwa zahanati za visiwani

Zahanati za Ukerewe, ambako mama mahututi husubiri kivuko aende hospitali ya Bugando, Mwanza, zitakipenda: hakiishii kwenye namba. Taa nyekundu na mshale wa juu maana yake presha ya juu imefika 160 au ya chini 110. Mshale wa chini huonya kuhusu mshtuko, yaani damu kutofika viungoni vya kutosha, kwa mfano kwa sababu ya kutokwa damu. Ili kuutambua, kifaa kinagawanya mapigo ya moyo kwa presha ya juu. Mapigo 120, presha 100, jibu 1.2: taa ya njano tayari, wakati presha peke yake ingekutuliza bure. Upepo wa mkanda wa mkononi hujazwa kwa mkono, hivyo chaji hudumu. Ila angalia ukubwa wa mkanda. Ukiwa mdogo kwenye mkono mnene, kipimo huzidi. Na taa haitibu: kwa kifafa cha mimba, dawa ya magnesiamu salfeti gramu 4 za mshipa na 10 za msuli, 5 kila tako, zitangulie safari.