Mkanda wa kifua wa kupima mapigo: miezi 14, watu wawili, nusu marathoni moja

Mkanda huu nimeuvaa kwa miezi 14. Mume wangu anao wa aina hiyohiyo, na ndio uliotufikisha mwisho wa nusu marathoni yetu ya kwanza tukiwa bega kwa bega. Naandika hasa kwa wawili wanaotaka kujiandikisha pamoja huku mmoja wao akiwa na mbio kuliko mwenzake.

Sisi tulianza vibaya. Yeye ana miaka 47 na amecheza mpira tangu utotoni. Mimi nina 44, nilianza kukimbia baada ya kuzaa watoto watatu. Wiki za mwanzo tulitoka kwa kasi ambayo yeye aliiona ya polepole, dakika sita na nusu kwa kilomita. Alikuwa akinisimulia habari za kazini, mimi namjibu kwa kutikisa kichwa. Nikimwomba apunguze, ananiambia, "Jikaze kidogo, mama watoto, utazoea." Hakuwa na nia mbaya. Mwili wake ulimwambia kasi ile ni rahisi, akadhani ni rahisi kwa kila mtu. Mimi nikirudi nyumbani nilikuwa hoi mchana kutwa, na kuna asubuhi sikutaka hata kuviona viatu.

Saa zetu zilikuwa zinapima mapigo mkononi, lakini yangu ilinikosesha hoja. Saa ya namna hiyo humulika ngozi na kusoma damu inavyopita. Isipokazwa vizuri, inaweza kushika mtikisiko wa hatua ikadhani ni mapigo. Yangu ilisema 170 hata nikikimbia taratibu kabisa, na 170 ndizo hatua zangu kwa dakika. Kwa hiyo kila nilipomwonyesha namba, alijibu kwamba saa imeharibika. Mkanda wa kifua husoma umeme wa moyo wenyewe. Hapo hakuna ubishi.

Siku ya kwanza tuliyovaa wote wawili, barabara ileile, kasi ileile: yeye 138, mimi 173. Alisimama. Akaangalia saa yake, akaangalia yangu, akasema, "Pole, mke wangu. Sikujua." Tukaanza upya na kushusha kasi mpaka nikafika 143. Ilikuwa dakika saba na sekunde hamsini kwa kilomita, na moyo wake ulikuwa 112. Siku hiyo nilizungumza njia nzima. Baadaye nilisoma kwamba kwa wastani wanawake tuna moyo mdogo kidogo na himoglobini (inayobeba oksijeni kwenye damu) pungufu kuliko wanaume, hivyo kwa kasi moja moyo wetu hupiga mara nyingi zaidi. Ningependa ningelijua hilo miaka mingi iliyopita.

Tangu hapo tukajiwekea utaratibu: mbio ndefu ya mwisho wa wiki tunakwenda kwa moyo wangu, siku za katikati kila mtu na ratiba yake. Yeye akitaka kuchoka, anapanda mlima peke yake Jumanne.

Sasa kero zake. Usiuvae mkavu. Vile vipande vinavyogusa ngozi lazima uvilowanishe kwanza, vinginevyo dakika kumi za mwanzo utaonyeshwa namba za ajabu mpaka jasho litoke. Kwa mwanamke kuna tabu zaidi, kwa sababu mkanda unakaa palepale pa ukingo wa sidiria. Baada ya kilomita 14 za kwanza nilipata mchubuko uliouma wiki nzima nikioga. Dawa yake ni mafuta ya mgando, lakini yapake kwenye kingo tu. Yakigusa vile vipande, mawasiliano yanakatika. Ukimaliza, chomoa kile kidude cha mbele kinachotuma mapigo kwenye saa, maana kikibaki kwenye mkanda wenye unyevu kinadhani bado umevaa na kinamaliza betri. Kitambaa kifue kwa mkono. Mimi nilizembea, na mwezi wa 13 kikaanza kunionyesha 210 nikiwa nimesimama nafunga kamba za viatu. Nilinunua kitambaa peke yake, kidude ni kilekile. (Namba kubwa isiyoshuka, ikija na kizunguzungu au maumivu ya kifua, si suala la kitambaa. Simama, utafute daktari.)

Kingine ni yale maeneo ya rangi, yaani viwango vya mapigo kuanzia mepesi hadi makali, ambayo saa inayapanga yenyewe. Yangu ilitoa umri wangu kwenye 220 ikapata 176, ikaniambia huo ndio ukomo wangu. Mlimani nimeshafika 187. Hesabu hiyo ni makadirio tu, na kwa mtu mmojammoja inaweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi. Ingiza namba uliyoiona mwenyewe siku uliyojituma kwelikweli.

Jambo ambalo sikuliona kwenye karatasi ya maelekezo: tulipounganisha mikanda tukiwa tumekaa pamoja, saa ya mume wangu ilishika mkanda wangu. Mwanzoni iliniudhi, tukalazimika kurudia kila mmoja akiwa chumba chake. Ila mkanda hutangaza kwa ANT+ (mawimbi ya redio ya vifaa vya michezo) pamoja na Bluetooth, na saa zaidi ya moja zinaweza kuupokea kwa wakati mmoja. Wiki moja kabla ya mbio yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Siku ile niunganishe kwako."

Basi nusu marathoni nzima saa yake ilisoma moyo wangu. Tulikubaliana nisizidi 155 mpaka kilomita ya 10, wala 165 mpaka ya 16. Pale mwanzo, nimesimama tu katikati ya watu, ilikuwa 118 kwa hofu. Watu wengi wakatupita, naye hakuongeza hata hatua moja. Kufika kilomita ya 15 kasi haikuwa imebadilika, lakini mapigo yalikuwa yamepanda kwa 12, ndivyo yafanyavyo joto na jasho. Akapunguza kabla sijafungua mdomo, akanipa maji.

Kilomita ya 19 akaizima kengele ya saa. "Sasa nenda." Nikaenda, naye hatua mbili nyuma yangu hadi kwenye utepe: saa mbili na dakika 38. Moyo wangu ulimaliza ukiwa 184. Wa kwake ulikuwa umerekodiwa kutoka kwenye mkanda wake na simu iliyokuwa mfukoni mwake. Jioni tulipofungua, haukuwa umevuka 141.