Ukomo wa riba au leseni ya mkopeshaji

Kenya imejaribu njia mbili za kumkinga mkopaji. Sheria iliyoanza kutumika Septemba 2016 ilikataza benki kutoza riba inayozidi kiwango cha msingi cha riba kinachotangazwa na Benki Kuu kwa zaidi ya pointi 4 za asilimia, hivi kwamba kiwango hicho kilipokuwa asilimia 10, riba ya mkopo haikuruhusiwa kupita asilimia 14. Mwenye mshahara au hatimiliki ya shamba alinufaika. Lakini mama mboga, asiye na dhamana wala vitabu vya hesabu, alifungiwa mlango, kwa kuwa benki ziliona heri kununua hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali yenyewe, kuliko kumkopesha kwa bei hiyo. Naye akageukia mkopo wa simu, wa kulipwa ndani ya siku 30, kwa riba kali zaidi. Ukomo huo uliondolewa Novemba 2019.

Sheria ya Desemba 2021, pamoja na kanuni za 2022, haikupanga bei. Iliwataka wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni ya Benki Kuu, waeleze gharama zote mapema, na waache kuwapigia simu jamaa za mdaiwa ili kumwaibisha. Naipendelea njia hii, ingawa riba yenyewe bado inaumiza.