Nimeitwa mdaiwa sugu mbele za watu, ripoti yenyewe nikanyimwa

Afisa mikopo wa benki moja hapa Dodoma mjini hata kiti hakunikaribisha. Alitazama kompyuta yake, akasema kwa sauti iliyosikika foleni nzima: "Mama, wewe ni mdaiwa sugu, hukopesheki." Nina mashine ya kukamua alizeti Kizota, nilitaka mtaji ninunue mapema bei ikiwa bado chini. Nikauliza deni gani. "Mfumo unaonyesha." La nani? "Mfumo, mama." Nikamwomba anigeuzie kompyuta nisome mwenyewe. Akanijibu eti ripoti hiyo ya mikopo yangu ni ya benki, si yangu.

Ina jina langu, namba yangu ya NIDA na kila mkopo niliowahi kuutolea jasho, halafu si yangu! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inanipa haki ya kuona taarifa zangu na kudai zirekebishwe. Yule kijana ama haijui, ama alinidharau tu.

Angekuwa na moyo wa kusaidia, angeniambia: nenda kaiombe mwenyewe. Maana inawezekana. Zipo kampuni za kuchakata taarifa za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet, na mwenye jina anaweza kuomba ripoti yake akijitambulisha. Mimi niliomba, nikaipata, na dada aliyenihudumia kwa simu alinieleza mstari kwa mstari bila kunifokea. Kwa hilo nawasifu kwa moyo wote.

Na "deni" nikaliona. Ni mkopo wa zamani wa taasisi nyingine kabisa, niliumaliza, barua ya kumaliza ninayo na risiti ninazo. Kwenye ripoti bado unasomeka haujalipwa! Yule dada akanifafanulia kwamba wao hawatungi kitu. Wakopeshaji ndio wanaopeleka taarifa kwenye kanzidata ya Benki Kuu, ambayo kanuni zake ni za 2012, na kampuni zinachota humo. Mkopeshaji asipoonyesha kwamba umemaliza, kila benki utakayobisha hodi itakuona unadaiwa. Tena ripoti hainyimi mtu mkopo, haina mahali palipoandikwa "asipewe". Anayeamua ni benki. Kwa hiyo lile la "mfumo, mama" lilikuwa la kujifichia.

Nimerudi kwa wale wa mkopo wa zamani na barua yangu. Wamegonga muhuri wa kupokea, wakaniambia nisubiri makao makuu. Kila nikipiga simu, makao makuu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuipa benki sifuri na wa ripoti alama zote. Sasa naona hapana. Kwa nini jina la mtu lichafuke kimyakimya, asipate hata ujumbe mfupi wa simu, mpaka aje aaibishwe dirishani? Mhudumu wa hao wa ripoti ni mwema, lakini utaratibu wenyewe umenikera, nawapa nusu. Benki ile inabaki na sifuri yake, na hao wa makao makuu sijui niwape nini, maana alizeti ya Kongwa na Kondoa imeshaanza kuingia mjini, wenzangu wanajaza maghala, na mimi ninayeweza kuonyesha risiti ya kila shilingi nimekalishwa.