Kidude cha kupimia gari cha elfu arobaini: kimenifaa, ila kazi ilikuwa yangu

Mimi nauza mayai. Nayapakia Kibaha, trei 60 nyuma ya Fielder ya 2010, injini 1NZ, nashuka nayo hadi Manzese. Gari langu likianza kumisi, yaani silinda moja haichomi mafuta, sihitaji kuangalia dashibodi, nasikia nyuma: trei zinagongana kama meno ya mtu mwenye malaria. Siku hiyo ilinikuta kwenye foleni ya Kimara, gari limesimama injini inaunguruma taratibu, usukani unanitetemekea mkononi, taa ya injini inapepesa. Ikiwaka tu bila kupepesa unaweza kujikongoja hadi nyumbani. Ikipepesa, petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega, kile kichujio cha moshi, na masega si ya bei ya mayai.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo, akasema nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye silinda. Zikaoshwa, 80,000 ikatoka, gari vilevile. Alipoanza kutaja pampu ya mafuta nikamwambia fundi, ngoja kwanza. Nikaenda Kariakoo.

Nilichonunua ni kale kadude ka buluu kalikoandikwa ELM327, kakubwa kidogo kuliko kiberiti. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, kinaongea na simu kwa bluetooth. Namba ya siri 1234, ikigoma weka 0000. Karibu vyote vinavyouzwa mitaani ni kopi, hilo lijue kabla hujatoa hela. Cha kwanza nilipewa kwa 25,000, kimeandikwa v2.1. Kilikubali simu, kikakataa gari. Nikakirudisha, nikaongeza 15,000, nikapewa cha v1.5, hicho kikashika mara moja. Kichekesho ni kwamba kampuni ya Canada iliyobuni ELM327 yenyewe haikuwahi kutoa toleo la 1.5, kwa hiyo nimefurahia kopi ya kitu ambacho hakipo. Wenye iPhone msinunue hiki cha bluetooth ya kawaida, tafuteni cha wifi.

Nikaweka programu ya Car Scanner, ile ya bure. Ikaandika P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, yaani ya tatu. Ingekuwa P0300, misi inarukaruka, haina silinda moja. Kompyuta ya gari yenyewe haioni cheche. Inafuatilia krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa sensa, na silinda isipochoma, krenki inapunguza mwendo kidogo pale pale.

Hapo ndipo watu wanapokilaumu kidude bure. Hakisemi plagi, hakisemi koili inayoipa plagi umeme, hakisemi nozeli. Kimekuonyesha nyumba, kugonga mlango ni juu yako. Kwenye 1NZ unahesabu kuanzia upande wa feni belti, upande wa dereva. Nikaacha injini ipoe, nikatoa kava la plastiki, spana namba 10, bolti moja kwa kila koili. Koili ya tatu nikaihamishia ya kwanza, ya kwanza nikaileta ya tatu. Kwenye kuchomoa waya, kale kaulimi ka kufungia kakakatika kama biskuti, plastiki imeivishwa na joto miaka yote hiyo. Mpaka leo kamefungwa kwa kamba. Nikafuta hitilafu kwenye simu, nikaenda Kibamba na kurudi. P0301! Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Ugonjwa umehama na koili.

Nikanunua koili ya mtumba Gerezani, 35,000, nikaiweka silinda ya tatu, na ile nzima nikairudisha ya kwanza. Wiki nzima mayai yakatulia. Siku ya nane trei zikaanza tena, nikachomeka kidude: P0303.

Huo ulikuwa uvivu wangu, sikuwa nimetoa plagi. Nikaazima soketi namba 16 yenye mpira ndani, nikaichomoa. Kwenye kaure nyeupe kuna mstari mweusi mwembamba, kama mtoto amechora kwa penseli, kutoka juu hadi kwenye chuma. Nikachungulia ndani ya mpira wa ile koili niliyotoka kuinunua: mstari huohuo umeshaanza. Umeme ulikuwa unateleza pembeni ya kaure kwenda kwenye chuma badala ya kuruka pale kwenye ncha. Na chanzo nakijua, kwa sababu siku chache kabla ya misi ya kwanza vijana wa kuosha magari waliipiga injini kwa mashine ya presha nami nikiwa nimesimama pale nakunywa soda. Maji yakajaa kwenye shimo la plagi. Plagi yenye mstari huo italiharibu kila koili utakaloivalisha, wala kidude hakitakwambia.

Nikanunua plagi nne za NGK, BKR5EYA-11. Hiyo 11 mwishoni ni nafasi ya milimita 1.1 kwenye ncha. Nikabadilisha na mpira wa koili. Plagi nilizianza kwa vidole hadi zikakaa ndipo nikagusa spana, maana kichwa cha injini ni aluminiamu, ukiua uzi pale umejitafutia safari ya karakana. Miezi mitatu sasa, kimya.

Kasoro za kidude? Kinakata mawasiliano ukiwa katikati ya kusoma, na namba zinazobadilika wakati injini inaunguruma zinakuja kwa kuchelewa. Changu hakisomi ABS wala eabegi. Halafu kinakula betri: nilikisahau kimechomekwa siku 10 nikiwa msibani Songea, nikarudi gari haliitiki hata funguo. Kwa 40,000 bado nakipa nne kati ya tano. Ningepiga picha muione rangi yake, lakini jirani yangu wa Demio amekiazima tangu Jumamosi, na juzi alinipigia kuuliza tu namba ya siri.