Ziwa Paradise, Marsabit: picha niliyotumiwa na ziwa nililolikuta

Nilipolipia safari hii ya siku moja huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, wakala alinitumia kwa WhatsApp picha ya ziwa lililojaa pomoni, maji yakigusa mizizi ya miti. Mimi nilifika mwishoni mwa Februari. Maji yalikuwa yamejikunyata katikati ya uwanda wa nyasi, na kando yake matope yaliyopasuka, yamejaa nyayo za nyati. Kwa hiyo wakala nampa nyota mbili. Mzee aliyetuongoza nampa tano, na ingekuwa kuna ya sita angeichukua.

Ratiba ilitaka tuwe juu ya ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkeno ambamo ziwa limelala, saa moja asubuhi. Aliyeipanga ratiba hiyo hajawahi kulala Marsabit. Saa moja hakuna ziwa. Kuna weupe tu, na baridi inayopenya sweta. Nikaanza kunung'unika. Mzee akafungua chupa ya chai, akanimiminia. "Kijana wangu, huu ukungu ndio unaolisha msitu. Wewe keti."

Tukaketi. Akaeleza kwamba upepo huvuka nchi kavu kutoka upande wa Bahari ya Hindi hadi unapokutana na mlima huu, volkeno ya zamani yenye kilele cha mita 1,707. Ukipanda unapoa, na unyevu wake unanaswa na majani na kuvumwani zinazoning'inia matawini kama ndevu. Ndiyo maana msitu umesimama peke yake huku pande zote ni jangwa. Kama ulikuja kwa lami kutoka Isiolo, zile kilomita zaidi ya 200 za ukavu, unajua ninachosema.

Tulisikia ndovu kabla ya kuona chochote: matawi yakivunjika chini yetu. Ilipokaribia saa tano weupe ukapanda, na kasoko lote likawa wazi, kuta za msitu zikishuka hadi kwenye nyasi, na ndovu saba wakinywa.

Watu wa huku huliita kasoko "gof". Hili ni Gof Sokorte Guda, maana yake lile kubwa. Lile dogo, Sokorte Dika, ndilo lenye loji. Jina Paradise lilienea ng'ambo baada ya Wamarekani Martin na Osa Johnson kupiga kambi hapa miaka ya 1920 wakipiga filamu za wanyama. Mzee hakuwa na hamu nao sana. Alitaka kusimulia habari za Ahmed, ndovu wa pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970 hadi akafa 1974. Sanamu yake iko makumbusho ya Nairobi. Nimepita mbele yake mara kadhaa bila kujua kwao ni wapi.

Tuliteremka na askari mwenye bunduki wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Ramani ya simu yangu ikaniweka ndani ya maji kabisa, ilhali viatu vyangu vilikuwa vikavu. Mlima huu hauna mto wa kudumu. Mvua huzama kwenye mawe ya volkeno na kutokea chini kwenye chemchemi na visima. Ziwa hushiba mvua zikinyesha na kukonda ukame ukishika, na ramani imelichora kana kwamba halibadiliki.

Gari lilikuwa Land Cruiser zima, dereva mtulivu. Chakula cha mchana: mkate na yai moja. Basi.

Ukitaka kuliona limejaa, nenda mvua za masika zikiisha, Mei au Juni, na udai picha ya wiki hiyo hiyo. Nilipomuuliza wakala kuhusu ile yake, alijibu ni ya "ile miaka ya mvua". Sikumuuliza miaka ipi.