Uzoefu wangu: miaka minne ya binti yangu katika sekondari ya serikali, Dar es Salaam

Kila Desemba TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia shule hizi, wakitoa majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza, simu yangu haipoi. "Mama Neema, pale kwa mwanao pakoje? Nimpeleke, au nijibane nitafute ya kulipia?" Neema wangu amemaliza kidato cha nne katika shule ya kutwa ya serikali, upande wa Temeke. Jina la shule naliacha, nasema nilichokiona.

Wanafunzi ni wengi mno. Mwaka alioanza, kidato cha kwanza kilikuwa na mikondo minane, yaani madarasa manane, na mkondo wake peke yake ulikuwa na watoto 84. Muhula wa kwanza nilifungua daftari lake la Baiolojia. Mwandiko mzuri, kurasa zimejaa, lakini hakuna hata tiki moja ya kalamu nyekundu. Nikamwekea kidole kwenye neno, nikamuuliza maana yake. Alilitamka vizuri, kisha akanyamaza. Mpaka darasa la saba alisoma Sayansi kwa Kiswahili, na baada ya likizo tu kila somo likawa Kiingereza. Watoto wengi wanaachwa hapo, na si kwamba hawana akili. Mwalimu naye ana mikondo minne ya hivyo, atasahihisha madaftari saa ngapi?

Ada hakuna tangu Januari 2016. Mdogo wangu alisoma palepale kabla ya hapo, tukimlipia 20,000 kwa mwaka. Lakini jiandae na sare, madaftari, na nauli: daladala mwanafunzi ni 200, na asubuhi makonda wanawakwepa. Makande ya mchana tulikubaliana wenyewe wazazi kikaoni, na kwa kweli yamesaidia, maana zamani kufika saa nane watoto walikuwa wanasinzia.

Sasa nieleze kilichoniumiza. Neema akiwa kidato cha pili, kila asubuhi alitoka nyumbani na sare yake imepigwa pasi, ananiaga, anakwenda. Siku moja mama anayeuza vitumbua karibu na geti la shule aliniona sokoni akaniambia, "Dada, samahani kama nakuingilia, lakini binti yako simwoni siku hizi. Anaumwa?" Nilihisi miguu inaisha nguvu. Kumbe siku tisa hakuingia darasani. Alikuwa anashinda kwa rafiki yake, anaogopa kipindi cha Hisabati kwa sababu aliitwa ubaoni akashindwa, darasa zima likamcheka. Nilipofika shuleni, mwalimu wa darasa alifungua daftari la mahudhurio, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, mimi nilidhani amehama."

Niliumia, nakiri. Lakini nilimtazama yule mwalimu, uso umechoka, meza imejaa madaftari, nikaona kosa langu pia: ulikuwa mwaka wa pili na ndiyo kwanza ananiona. Aliandika namba yangu ya simu kwa kalamu pembeni ya jina la Neema. Tangu siku hiyo akikosa hata kipindi kimoja, napata ujumbe kabla ya saa nne.

Hisabati aliokolewa na mwalimu wa kujitolea, kijana aliyemaliza chuo akawa anasubiri ajira, wazazi tukimchangia posho. Saa tisa wenzake wakiondoka, yeye anaegemeza ubao chini ya mwembe, watoto wanakaa kwenye matofali. Pale hakuna aliyechekwa. Akikosea mtu, anamwambia, "Rudi hatua moja nyuma, tuione wote." Binti yangu alianza kurudi nyumbani saa kumi na mbili, vidole vyeupe kwa chaki.

Maabara ni jengo zuri, vifaa ndiyo tatizo. Bureti moja, ile mirija ya kupimia kimiminika, watoto kumi na wawili wamezunguka. Neema aliishika mwenyewe mara ya kwanza kwenye kambi ya kujiandaa na mtihani, wiki tatu kabla ya mtihani wa Novemba. Hili linanikera mpaka leo, na kila kikao nalisema.

Matokeo yalipotoka Januari alikuwa na divisheni ya pili, pointi 20, Hisabati C. Amepangiwa kidato cha tano, tahasusi ya CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), na huko nako ada ilifutwa mwaka wa fedha 2022/23.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza: mpeleke. Ila siku ya kuripoti usiishie getini. Ingia, mtafute mwalimu wa darasa, mwachie namba yako na uchukue yake. Vikao vya wazazi usitume mtu, nenda mwenyewe. Jirani yetu mmoja, mzee sana sasa, alibeba mchanga wa msingi wa shule hiyo wakati wa ujenzi wa shule za kata, miaka ile baada ya 2004. Bado anakuja vikaoni na kukaa mbele, ingawa hana mtoto pale.

Mdogo wake Neema anaanza kidato cha kwanza Januari, shule hiyohiyo. Mama wa vitumbua nimeshampelekea picha yake.